Niliyapa mafuriko alama sita

Alama 6 kati ya 25. Hizo ndizo nilizoyapa mafuriko mwaka 2018, nimekaa kwenye ukumbi wa halmashauri, jedwali la kupima hatari za maafa limewashwa ukutani kwa projekta na wakuu wa idara wamejipanga mezani. Uwezekano wa kutokea, 2. Athari yakitokea, 3. Mbili mara tatu ni sita, na kisanduku kikageuka kijani. Ukame tuliupa 5 kwa 4 ukafika 20, kisanduku kikawa chekundu, wala hakuna aliyebisha. Nani atabishana na ukame Dodoma? Tetemeko la ardhi likapata 4 tu, ingawa mkoa wetu umekaa kwenye Bonde la Ufa na wengi wetu tuliokuwamo tumewahi kuhisi kitanda kikitikisika usiku. Tulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni afisa kilimo. Uratibu wa maafa niliongezewa kwa barua ya aya mbili, kama wanavyoongezewa wengi katika halmashauri zetu: kazi yako ya awali inabaki palepale, na hii nyingine inakaa juu yake. Sikulalamika. Nimekulia Ugogo, na niliamini maafa nayajua.

Njaa kweli nilikuwa naijua. Ina hatua zake, na hatua hizo halmashauri za katikati ya nchi zinazisoma vizuri. Unaanza kuona uwele na mtama vikisinyaa mwezi wa pili. Unapita mnadani unahesabu: mwezi uliopita mbuzi mmoja alinunua madebe mangapi ya mahindi, na leo ananunua mangapi? Mbuzi wakijaa mnadani na bei yao ikiporomoka huku debe linapanda, hungoji ripoti ya mtu. Unaangalia wanafunzi wangapi wamekuja shule bila kunywa uji, na vijana wangapi wamepanda basi kwenda kutafuta vibarua. Kuna mfumo wa kitaifa wa uchambuzi wa uhakika wa chakula na lishe, MUCHALI, na tathmini zake tulizifanya kwa miaka. Tulijua maswali, tulijua nani wa kuuliza. Kwa hiyo 20 ya ukame ilikuwa alama ya watu wanaojua wanachokisema. Sita ya mafuriko ilikuwa alama ya watu waliokuwa na haraka.

Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, nayo huanza Desemba ikaisha Aprili. Ukiisoma hivyo kwenye karatasi utadhani inagawanywa sawasawa. Inaweza kukaa wiki tatu bila tone, kisha ikamwaga alasiri moja kile ulichokisubiri mwezi mzima. Na inapomwaga inaikuta ardhi imepigwa jua miezi saba, ngozi ya juu imeganda kama sakafu, majani yameliwa na ng'ombe, miti imekwenda na mkaa. Maji hayapati pa kuzama. Yanakimbilia korongoni. Ukame na mafuriko tuliviweka kwenye safu mbili tofauti za jedwali, lakini huko nje ni mtu na mdogo wake. Ukame ndio unaoiandalia njia gharika. Mafunzoni walikuwa wametufundisha kutenganisha janga na maafa: janga ni mvua yenyewe, au tetemeko lenyewe, na maafa ni pale linapokutana na watu wasio na cha kujikingia. Nililiandika hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari. Kisha nikaingia ukumbini na kupima janga peke yake.

Msimu wa 2019/20 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida, na mvua zikazidi sehemu kubwa ya nchi. Siku moja ya Januari Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa angalizo la mvua kubwa kwa mikoa kadhaa, Dodoma ikiwamo. Mamlaka ina ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Hili lilikuwa la chini. Nililisambaza kwenye kundi la WhatsApp la watendaji wa kata, nikaongeza sentensi yangu: "Naomba tuwe makini na tuchukue hatua." Watu kumi na kitu wakaweka alama ya dole gumba. Nikalala.

Kwenye kijiji ninachokizungumzia mvua haikunyesha usiku ule. Hili naomba lieleweke, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya mengine. Watu walilala chini ya nyota. Mvua ilinyesha milimani, kwenye wilaya ya jirani, na maji yakashuka na korongo usiku wa manane yamebeba magogo na mchanga. Pale kijijini korongo lina kona. Maji hayakukata kona, yalinyoosha. Nyumba 13 zilianguka, nyingi za tembe. Wasioijua tembe: ni nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo lililolazwa juu ya nguzo na fito. Kwa jua letu hakuna nyumba nzuri kuliko hiyo. Lakini ukuta ukilowa kwa chini, uzito wote ule wa udongo unabaki hauna miguu. Hakufa mtu, kwa sababu mzee mmoja aliamka akasikia, akaenda kugonga mlango mmoja baada ya mwingine akipiga kelele. Mbuzi walikwenda. Vihenge vya chakula vilikwenda.

Nilifika asubuhi na dodoso la tathmini ya athari mkononi. Nilimkuta yule mzee amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu yake ina matope hadi magotini.

"Mbukwenyi, babu. Pole sana."

"Nimeshapoa, bibi shamba. Maji yamerudi kwao tu."

"Yamerudi?"

Akanyanyuka, akanipeleka kwenye mbuyu ulio kama hatua 100 kutoka korongoni. Akaweka kiganja kwenye gome, usawa wa kifua chake. Hapo ndipo maji yalipofika elinino, akasema, akimaanisha mvua za 1997 na 1998. Kisha akashusha kiganja hadi kiunoni. Na hapa ndipo yalipofika jana.

Mwaka 1998 mimi nilikuwa msichana wa shule, wilaya nyingine. Nilipozunguka ofisini wiki ile nikiuliza nani alikuwapo hapa wakati wa elinino, sikupata mtu. Mkuu wa idara aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikuwa na miaka saba. Nikaingia masijala kutafuta faili. Nilikuta mafaili ya mgawo wa mahindi ya msaada ya miaka mingi, yamefungwa kwa kamba vizuri kabisa. La mafuriko sikuliona. Ndipo nikarudi kwenye lile jedwali letu na kusoma swali ambalo kwalo tulitoa ile 2: "Katika miaka 10 iliyopita, tukio hili limetokea mara ngapi?" Tulijibu kwa uaminifu. Tulichosahau kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba miaka 10 inatosha. Korongo lile hurudi baada ya miaka ishirini na ushee. Mtumishi wa halmashauri huhamishwa baada ya minne au mitano. Kwa hesabu hiyo, kila tathmini itakayofanywa na watumishi peke yao italipa korongo kisanduku cha kijani, hadi usiku litakapokuja kujieleza lenyewe.

Wagogo wana namna yao ya kutunza mambo haya. Miaka mibaya huipa majina. Njaa ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo ikagoma, inaitwa Mtunya. Ilitafuna watu kati ya 1917 na 1920, na mpaka leo ukitaja Mtunya mbele ya wazee wanatulia kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna aliyekuwapo, lakini jina limebaki. Nikaamua kuanzia hapo. Badala ya kuuliza "mara ngapi", nilianza kuuliza "miaka gani ina jina, na jina hilo limetoka wapi?" Nikatenga mikutano mitatu: wazee wanaume, wanawake, na vijana wanaochunga. Nilikuwa nimefikiri mikutano mitatu itanipa jibu lilelile mara tatu. Wazee walinipa miaka. Wachungaji walinipa njia, wapi ng'ombe hukataa kuvuka, wapi ukingo umeanza kumeguka. Wanawake ndio walionipa sababu.

Kwa nini mnakaa korongoni? Niliwauliza hivyo, nikidhani ni swali la kuwaamsha. Mama mmoja akanijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba mwezi wa tisa na wa kumi, bomba la kijiji likishakauka, maji yapo mahali pamoja: chini ya mchanga wa korongo. Unachimba kwa bakuli mpaka mkono unazama hadi begani, unasubiri yajae, unachota. Aliye karibu anachota alfajiri, aliye mbali anakuta foleni. Na bustani za mboga zinazosomesha watoto zimekaa kwenye udongo mweusi ulioletwa na mafuriko hayohayo. Ni wazi walikuwa wamefanya tathmini yao kabla yangu, na iliyokamilika zaidi: ukame huja kila baada ya miaka michache, gharika mara moja katika kizazi, wakachagua kukaa karibu na kinga ya janga la mara kwa mara. Halmashauri ikija na tangazo la "hameni mabondeni" bila kisima cha uhakika mlimani, inawaambia waache kinga ya hatari moja kwa ajili ya nyingine. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na mimi naiheshimu. Lakini niliona haya kuisoma mbele ya yule mama bila kuwa na neno lolote kuhusu maji.

Mzee wangu wa mbuyu akaongeza lingine. Baba zake hawakuwa wakiishi pale. Walikuwa juu, kwenye mwinuko, nyumba zimetawanyika. Walishuka na Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipokusanywa vijijini. Mwinuko wa zamani bado upo. Misingi ya matembe inaonekana ukifyeka majani.

Tulipojaza jedwali upya, mafuriko yalipata 16. Lakini namba ni namba, na nililokuja kujifunza baadaye ni jinsi kisanduku chekundu kisivyochimba mtaro.

Muundo tunao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya, hadi kata na kijiji au mtaa. Wilayani mwenyekiti wa kamati ni mkuu wa wilaya. Fedha ziko kwa mkurugenzi wa halmashauri, na bajeti inapita kwa madiwani. Mratibu anakaa katikati ya hao wote na barua yake ya aya mbili. Bajeti inaandaliwa mvua zikiwa bado zinanyesha, inaanza kutumika Julai, na kufikia Oktoba, wakati makalavati yanapaswa kuzibuliwa mchanga, mapato ya ndani yamekwisha kuitwa na mambo mengine. Mara mbili niliweka mstari wa maandalizi: mafuta ya gari, maturubai, machepe, mafunzo ya kamati za vijiji. Mara mbili ulikatwa. Sababu niliyopewa mara ya pili ni kwamba tukio lenyewe halijatokea. Niliumia, kwa kuwa lilipotokea 2020 fedha zilipatikana ndani ya siku tatu, nyingi kuliko nilizoomba, zikaenda kwenye mahindi, blanketi na posho za tathmini. Mwaka wa tatu nilibadili njia. Niliwachukua madiwani wanne, tukatembea korongo kwa miguu kuanzia kwenye kona hadi kwenye mbuyu, yule mzee mbele. Diwani mmoja, ambaye kata yake haina hata korongo, ndiye aliyeutetea ule mstari barazani. Ulipita, umepunguzwa nusu.

Kikwazo kikubwa kuliko fedha kilikuwa mpaka. Maji yanatoka wilaya ya jirani, yanapita kwetu, yanaingia mto Kinyasungwe, na Kinyasungwe inashuka Gulwe, Godegode na Kidete hadi Kilosa, mkoa wa Morogoro. Kila halmashauri inapima kipande chake. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyong'oa reli ya kati na kusimamisha treni kwa miezi, yalibeba maji ya huku kwetu pia. Sisi tulikuwa tunayaita mafuriko ya Morogoro. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayoliangalia bonde lote, na wataalamu wake walitusaidia kuchora mikondo. Nilichokuwa nakihitaji lakini kilikuwa kidogo sana: mtu mmoja huko juu, mwenye simu, atakayemwambia mtu mmoja huku chini kwamba maji yanakuja. Barua kati ya ofisi na ofisi zilichukua miezi minane. Mwishowe wenyeviti wawili wa vijiji walikutana mnadani, mmoja anauza dume, mwingine ananunua, wakalimaliza hapohapo wakiwa wanakula nyama choma.

Tukapaka mistari mitatu kwenye mti ulio ukingoni kule juu. Maji yakigusa mstari wa chini, mlinzi wa juu anabipu. Yakigusa wa kati, anapiga mpaka apokelewe, na huku chini inagongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa shuleni, ile inayowaita watoto darasani, lakini kwa mapigo ya haraka yasiyokoma. Wa juu ukifikiwa, hakuna tena cha kugonga. Kila mtu awe ameshafika mwinukoni. Na kila angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likapewa kazi na jina la mwenye kazi: nani anahamisha mbuzi, nani anamsaidia bibi asiyeona, nani ana ufunguo wa ghala. Zile sentensi zangu za "tuchukue hatua" niliacha kuziandika.

Halmashauri ya kijiji ilitoa viwanja juu, kwenye misingi ya zamani. Kaya tisa kati ya 13 zilikubali kujenga huko, baada ya kisima kuchimbwa kwa mkono na kupata maji, kidogo lakini yapo. Kaya nne zilibaki. Niliwaendea mara nyingi na sikuwashinda.

Mwaka 2023 Mamlaka ilitangaza mapema uwepo wa El Nino, na wilaya zote zikaitisha kamati. Desemba 3 mwaka huo sehemu ya mlima Hanang, mkoa wa Manyara, ilimeguka, matope na mawe yakashukia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Katesh si mbali nasi kiasi cha kusema ni habari za kwingine. Simu za madiwani ziliniamsha: vipi kuhusu milima yetu? Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa na jibu la nusu tu. Tulianza kwa kuuliza wachungaji wapi chemchemi mpya zimetokea na wapi ardhi imepasuka, tukapeleka orodha kwa wataalamu wa jiolojia, ambao makao yao yako hapa hapa Dodoma.

Kwetu maji yalikuja mwezi wa kwanza wa 2024, usiku tena. Yalifika mstari wa kati. Rimu iligongwa. Zile kaya nne zilitoka kabla. Tembe moja ikaanguka ikiwa tupu. Nilifika asubuhi nikawakuta watu mwinukoni wamekoka moto, watoto wamejifunika maturubai, na nilikuwa na furaha ambayo ilidumu siku tano. Siku ya sita walianza kuhara. Vyoo vya bondeni vilikuwa vimefurika, visima vya mchangani vimeingia uchafu, na watu walikuwa wamerudi kuchota kulekule wanakochota siku zote. Kwenye mpango wangu mzima, kurasa 22, afisa afya alitajwa mara moja, kwenye orodha ya wajumbe. Dawa ya kutibu maji ilikuja siku ya tisa. Watoto wawili walilazwa, wakapona. Bado nikiwaza yale makopo ya maji wanawake waliyobeba mbele yangu asubuhi ile, nikawasalimia na kuwapita, nasikia joto usoni.

Nimehamishwa tangu hapo. Kabla ya kukabidhi ofisi nilimwomba anayenipokea tusianze na mafaili. Tulikwenda kijijini, tukatembea kona mpaka kwenye mbuyu, akapiga picha, akaandika majina ya miaka kwenye rejista, ambayo sasa iko nakala tatu: wilayani, kwa mtendaji wa kijiji, na kwa mwalimu mkuu. Yule mzee alimuuliza ametoka wapi na ana umri gani, kisha akamhadithia elinino tangu mwanzo.

Februari iliyofuata simu yangu iliita saa saba usiku. Alikuwa mlinzi wa juu. Nikamwambia, kaka, mimi nimeshahama, nikupe namba ya mwenzangu. Akasema anayo, ameshampigia, na huko chini rimu wanaisogelea. Alitaka tu na mimi nijue kwamba maji yamegusa mstari wa chini.